Litungu la Chacha na Ule Moto wa Kanisani

Nakumbuka siku moja kule Kemambo, mwanangu, siku ambayo kaka yangu Chacha alikuwa abatizwe, nami nimesimama na kwaya. Mwinjilisti alishasema: litungu, kile kinanda chake cha nyuzi, lichomwe kwanza, ndipo aingie majini. Moto ulikuwa unawaka nje ya kanisa. Jamani, zile nyuzi ndizo zilikuwa uhai wa Chacha! Niliogopa akikataa atafukuzwa, na akikubali atabaki mtu mkavu.

Usidhani mwinjilisti alikuwa mjinga. Chacha alizoea kuwaimbia sifa vijana wanaokwenda kuiba ng'ombe. Alimsifu Mwita, mtoto wa Mama Bhoke, mpaka kijana akavimba kichwa. Akaenda, akarudishwa amekufa. Ulimi hauna mfupa, mwanangu.

Na Mama Bhoke mwenyewe alikuwepo, benchi la mbele. Alipoinuka nikasema moyoni, basi, kwisha. Nilijua atalitupa litungu motoni kwa mikono yake.

"Mwinjilisti, subiri kidogo," akasema, kisha akamgeukia kaka yangu. "Chacha, ulimsifu mwanangu akaenda. Leo unataka kuchoma litungu uoshe mikono? Nani atamlilia Mwita? Kaa chini umlilie, na hawa wenzake wasikie."

Chacha alikaa, akalipakata litungu. Alianza, akakwama, akaanza tena huku machozi yanamtoka. Aliimba jinsi mama alivyokuwa akisimama njiani kila jioni kumtazamia mtoto, mpaka akaletewa maiti. Vijana wenzake Mwita waliosimama mlangoni, waliozoea kumshangilia Chacha, wakainamisha vichwa. Mwinjilisti akasema litungu lisichomwe, halafu akambatiza.

Sasa nasikia huko Mugumu wenzako wa maombi wamekuambia mtu aliyeokoka haandiki hadithi, nawe umeshaanza kuacha. Roho yangu haitulii, mwanangu. Usiache! Kipaji ni cha Mungu, na kukitupa si utakatifu. Ila usiandike ovyo pia, maana hilo nalo linaninyima usingizi. Maneno huumba. Kabla hujampamba mtu mbaya ili wasomaji wacheke, mfikirie mama yake.

Mungu akupe akili iliyo wazi na moyo wenye huruma. Aushike mkono wako unapoandika, na asitokee mama wa kuzika mtoto kwa sababu ya neno lako. Amina.