Kompyuta Iliandika Nuu, Nami Nilijua Ni Tseikuru

Admin, ficha jina langu tafadhali, naishi na watu wanaoniheshimu. Mimi ni mama wa miaka 59, mjane, nakaa Makueni na ni mzee wa kanisa. Haya maneno sikumwambia hata marehemu mume wangu.

Miaka ya tisini niliajiriwa na shirika moja la afya, ofisi ikiwa Mwingi. Tulikuwa na zahanati Kyuso, Nuu na Tseikuru, kila moja na redio ya kuwasiliana na sisi, na kila redio na namba yake. Asubuhi programu ya kompyuta inaita hizo namba moja moja. Redio ikijibu, jina la zahanati linatokea kwa skrini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Redio ya Tseikuru ikaharibika, tukapeleka mpya. Namba niliiweka mimi. Tangu siku hiyo Tseikuru ikakataa kutokea. Nikaangalia waya za antena, nikaongeza muda wa kungoja jibu, nikazima kompyuta nikawasha tena. Wapi. Meneja akaniuliza, "Hiyo redio uliipima kabla iende?" Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeipima. Basi akamwandikia barua ya onyo Kilonzo, mwanaume aliyeshika redio ya Tseikuru, kwamba anaizima ili betri isiishe.

Kilonzo akanijibu mimi, kwa karatasi iliyoletwa na lori la mbuzi: "Madam, redio inawaka asubuhi mpaka jioni. Lakini mkiita Nuu, hii yangu pia inalia. Tafadhali angalia."

Nilielewa papo hapo. Nilikuwa nimeipa Tseikuru namba ya Nuu. Redio mbili, namba moja, kompyuta inaona Nuu peke yake. Lakini kurekebisha ni kukiri kwa meneja kwamba nilidanganya. Nikakunja ile karatasi nikaificha kwa mkoba. Nikajiambia nitangoja mwisho wa mwezi, Kilonzo akija mkutano na redio yake, niibadilishe namba kimya kimya.

Mwisho wa mwezi haukufika. Siku moja saa saba mchana, kengele ya dharura ikalia. Skrini ikaandika NUU. Nikaita kwa redio, nikasikia mikwaruzo, na kwa mbali sauti ya mwanaume, haieleweki. Aliyeshika redio ya Nuu alikuwa mwanamke.

Nikajua ni Tseikuru. Meneja alikuwa mlangoni, dreva nyuma yake na ufunguo mkononi. Gari lilikuwa moja tu.

"Ni wapi?"

Nilifungua mdomo niseme Tseikuru. Halafu nikafikiria, ataniuliza nimejuaje. Nikasema, "Nuu."

Gari likafika Nuu, nesi akashangaa: "Sisi hatujaita mtu." Kwa redio ya Nuu meneja akamwambia dreva ajaribu Tseikuru, maana ndiyo haikuwa inatokea kwa skrini. Mpaka ligeuze lifike, mama aliyekuwa anajifungua alikuwa ameshakufa kwa kutokwa na damu. Mtoto alipona, msichana.

Redio ikaletwa Mwingi na Kilonzo mwenyewe ichunguzwe, na aliyepewa kuichunguza ni mimi. Nikabadilisha namba kabla mtu yeyote hajaiangalia. Tseikuru ikatokea kwa skrini mara moja, na ile kengele ya Nuu nikasema ni kompyuta ilikosea. Meneja akasema, "Kwa hivyo redio ni nzima. Shida ni mtu." Kilonzo akanigeukia: "Madam, si nilikuandikia?" Nikamjibu sijaona barua yoyote. Akafutwa kazi siku hiyo.

Sasa mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa kule Kyuso. Mwanamke mmoja akasimama kushuhudia. "Mama yangu alikufa akinizaa kwa sababu mtu wa redio, anaitwa Kilonzo, alizima redio yake. Nimemchukia maisha yangu yote. Lakini Mungu amenipa moyo wa kumsamehe." Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema, kwa nguvu.

Baada ya maombi akanijia, akanishika mikono. "Mama, wewe ni mzee wa kanisa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao nisindikize kwa Kilonzo nimwambie nimemsamehe." Nikakubali kabla sijafikiria. Sasa ananipigia simu kila jioni kunishukuru, ananiita mwaitu, kama mama yake mzazi.

Nikienda, Kilonzo ataniona. Nisipoenda, mzee wa watu atasamehewa mbele ya wajukuu wake kwa kosa langu. Nikimwambia huyu binti ukweli kwa simu, sijui kama nitamaliza sentensi.

Leo ni Alhamisi, Jumamosi yenyewe ni keshokutwa. Nyinyi mnaosoma, nitukaneni mkitaka, lakini mniambie: nianze kwa nani?