Kikohozi Kilichobaki

Aibu hii sijawahi kuisimulia mbele ya wakwe, na nyinyi mnaocheka kabla sijaanza, subirini kidogo.

Ilikuwa miaka ya vita, nami bibi arusi mpya pale Mboko, kijiji cha kando ya ziwa. Mafua yalinishika yakaisha, homa hakuna, kamasi hakuna, kikabaki kikohozi kikavu. Muganga wa dispensari akanieleza, "Ugonjwa ulishaisha, mama. Lakini baaskari ba mwili yako, bale banapiganaka na ugonjwa, bado, banarudia kwao polepole, na koo iko na kidonda. Ungojee kwanza."

Mimi nikasikia "ulishaisha" tu (masikio yangu huchagua).

Asubuhi moja ikasemwa wenye bunduki wanatoka upande wa mji wa Baraka, tukakimbilia kwenye matete ya ziwani. Tulikuwa na utaratibu wetu: wanaokohoa hujificha peke yao, mbali na wenye watoto. Mama mkwe akaniuliza, "We, kifua iko namna gani?" Nikamjibu, "Mi nilishapona." Nani anapenda kukaa peke yake? Nikachuchumaa katikati ya watu, na ukungu ulikuwa mzito hata aliye ubavuni simwoni.

Tukasikia buti kwenye tope. Hata vichanga walinyamaza, na kule kunyamaza kwao kuliniogopesha kuliko buti. Ndipo koo likaanza kuniwasha, nikameza mate, machozi yakanitoka, nikawaza watoto hawa wote watakufa kwa sababu yangu, nikavuta nguo iliyokuwa karibu (nilidhani kitenge cha jirani), nikazika uso humo na kukohoa.

Buti zikasimama.

Kisha, ng'ambo ya matete, pale pale buti ziliposimama, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kama changu kabisa. Akatulia, kana kwamba ananingoja nimjibu. Nguo niliyoishika ikatetemeka, nikajua ina mtu ndani. Baada ya muda buti zikaondoka.

Ukungu ulipopanda nikajikuta nimemkumbatia baba mkwe, ambaye kwetu hata kumpa mkono ni mwiko, koti lake limelowa mate yangu, na ukoo mzima unatazama. Yeye akageuzia uso ziwani. "Mukazamwana," akasema taratibu, "siku ingine ukae na benye kukohoa."

Nikaapa, na mpaka leo mafua yakiniacha najitenga hadi kikohozi nacho kiniache. Lakini nikikohoa, huwa nanyamaza kwanza, nisikie kama yule wa ng'ambo atajibu.