Jibu la Chiriku

Wanafunzi walimwita shangazi yangu Mama Pacha, ingawa hakuwahi kuzaa hata mmoja. Jina lilitokana na somo lake. Alifundisha Kiingereza, na kwake viunganishi vilikuwa kama watu: "either" haendi popote bila "or", "both" humshika mkono "and", na ukimwacha "not only" bila "but also" umemtelekeza njiani. Kila dawati lilikuwa na pacha wawili. Aliandika neno la kwanza ubaoni, ametupa kisogo, nasi tukamtajia mwenzake. Aliyekosea alitoka nje, akasimama kwenye ukuta wa stoo mpaka zamu irudi.

Pacha wangu alikuwa Chiriku, binti wa mama fundi cherehani aliyeshona sare zetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza. Mimi shangazi alinilea tangu natambaa, ila darasani nilimwita mwalimu kama wengine.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Shangazi akaandika "neither". Chiriku akasema "nor", mimi nikasema "or", sote kwa pamoja. Shangazi akageuka. Sauti yangu anaijua hata nikikohoa chumba cha pili. Akanitazama mimi, kisha akamnyooshea chaki Chiriku na kumwambia atoke. Chiriku alicheka akidhani ni utani, akatoka. Mimi nikafyata ulimi. Ukuta wa stoo ulikuwa umelowa, ukamwangukia. Alifariki hospitalini kesho yake, mama yake akiwa kando.

Shangazi aliacha shule. Akawa anafundisha watoto sebuleni kwetu Jumamosi asubuhi, na mada ile akairuka. Wazazi wakilalamika kwamba watoto wanakosa maswali yale yale kila mtihani, anajifanya hasikii. Lakini akikaa kuchambua maharage utamsikia akinong'ona "neither", halafu vidole vinasimama, anategea sikio kiti kitupu cha dirishani, kana kwamba jibu litatokea pale. Msinicheke. Jibu hata mimi nilikuwa nalisikia: sauti ya mtoto, ya haraka haraka, yenye kicheko ndani yake. Miaka kumi na minne hatukuwahi kulizungumza. Tulikula sahani moja kama wezi waliogawana kitu, na nguo zetu tuliendelea kushonewa na mama fundi yule yule, maana kumkwepa tuliogopa zaidi.

Jumamosi moja mama fundi akabisha hodi, kamshika mkono kitinda mimba wake aliyezaliwa baada ya msiba. Sura ya Chiriku tupu. Alisema mtoto ana mtihani wa mwisho, na kinachomshinda ni maneno pacha. Akamkalisha kwenye kiti cha dirishani. Viti vitatu vilikuwa wazi, jamani, kwa nini kile? Nilitaka kumwambia amhamishe.

Shangazi akachukua chaki. Akaandika, herufi zimepinda: "neither". Mtoto akamtazama mama yake, hajui. Nami nikalisikia lile jibu, safari hii karibu kabisa na sikio langu, nikajua nikinyamaza tena litanifuata mpaka kaburini.

"Nor," nikasema. "Chiriku alijibu hivyo. Aliyekosea ni mimi."

Shangazi akaketi, chaki bado mkononi. "Na mimi nilijua," akasema. "Nilimtoa wa mwenzangu, nikambakiza wangu."

Mama fundi hakulia. Alisema Chiriku alimweleza yote kitandani, kwamba alijibu sawa, na kosa lilikuwa la nani.

"Nimewapima mabega miaka yote hii," akasema, "nikingoja mmoja wenu aseme."

Sikuweza kumtazama. Yeye akainama, akamnyooshea mtoto ukosi wa sare, kisha akamgeukia shangazi.

"Haya mwalimu, endelea. Ila huyu akikosea, abaki ndani."