Shaba ya Kura

Ulikuwa mwaka wa unga wa manjano. Mliokula ugali wake mnajua: ulinuka gunia, na ukipoa ungempiga nao mbwa akalia. Juzi hapa Bungoma, wiki ya ile kura ya katiba, ya ndizi na chungwa, mnunuzi wa vyuma kuukuu aliona kisahani changu cha shaba dirishani akakitaka. Nilipokishika, harufu ya gunia ikarudi yote.

Wakati huo tuliishi Saboti. Baba na mama walilima shamba la Mskoti mmoja mwenye duka Kitale. Kila Jumamosi aliwapa kisahani cha shaba chenye jina la duka lake. Kilifaa kwake tu: kimoja, gorogoro moja ya unga, lile kopo la kupimia. Watu walikiita "kula". Lakini sisi ulimi wetu unachanganya l na r kama mahindi na maharagwe, kwa hiyo nyumbani kilikuwa "kura".

Jumapili moja, tukienda kanisani, mama alinifungia shaba kwenye pindo la gauni niitunze mpaka duka lifunguliwe. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni, na sufuria ilikuwa tupu tangu jana.

"Nekesa, hiyo ndiyo kura yetu. Ipoteze uone."

Kanisani walikuwa wanachagua kiongozi wa akina mama. Mzee wa kanisa, mtu wa kuja kutoka mbali, aliweka vyungu viwili, kimoja kwa kila mgombea. Akasema, "Kila mtu atie kura yake." Wakubwa wakatia punje za maharagwe. Mimi nikafungua pindo, nikatia yangu. Ikalia ngli! Nikarudi kifua mbele.

Mzee alipomwaga maharagwe ahesabu, shaba ikabingirika.

"Ati hii nayo imechagua nani?" Watu wakacheka.

Mama akasimama. "Ni yetu. Mtoto amekosea."

"Mama Nekesa, kilichoingia kwa Bwana hakitoki. Si iwe tu sadaka?"

"Hiyo sitoi, mzee. Watoto hawajakura."

"Lakini watoto hawapigi kura, mama!"

Kanisa likavunjika mbavu. Mama akamfungua mtoto mgongoni, akamwinua juu, akawaonyesha tumbo lake lililovimba kwa njaa. Kicheko kikafa. Mzee akarudisha shaba kwa mikono miwili, na kabla hatujafika nyumbani akina mama walikuwa wametufuata na unga, kunde, hata mayai. Nilipumua, jamani! Lakini sikuacha kuona haya. Nilidhani mama ametuvua nguo mbele ya watu.

Unga ule ulitufikisha wiki ya pili. Tulipoenda Kitale, Mskoti alikuwa ameuza kila kitu akarudi kwao, duka limetiwa kufuli. Shaba ile haikununua hata punje. Nilipozaa wangu ndipo nikajua ni mdomo wa mama uliotulisha.

Sasa huyu kijana wa vyuma akaniita bibi kwa lugha yetu: "Niuzie bana, Kukhu. Si ni chuma tu?"

Wajukuu wangu, wanono wote, walikuwa mlangoni wanakula machungwa ya kampeni, maji yakiwachuruzika mpaka viwikoni. Nikamwambia vilevile kama mama:

"Hiyo sitoi, mzee. Watoto hawajakura."