Gitare ya dot

Berthe aliuza samaki ya moshi pale chute, kwenye maji ya fleuve inaanguka, na kwa soko batu waliogopa mudomo yake kuliko polisi. Hakuolewa. Mwenye alipashwa kumuoa, Médard, alikula samaki ya kwao, akapiga gitare mbele ya mulango yao musimu muzima, kisha akaenda kuoa mwanamuke mwingine ngambo ya fleuve. Hakuaga. Hata imbwa inaangaliaka nyuma.

Na tazama likambo, matata yenyewe: Benoît, mutoto ya kaka yake, mwenye Berthe alimukomalisha yeye mwenyewe, akaenda kupenda Émilie, binti ya ule Médard.

Kwa dot, mali ya kuolea, baba wengine banaomba costume ya koti na suruali. Médard aliomba mbuzi, vitambaa ya mama, na gitare moja ya nyuzi ya nylon. Yake ya zamani maji ilikula mbele aoe, na kutoka pale hakushika ingine.

"Na musiniletee haya mbele ya batu," alisema. "Nikipata haya, dot yote inarudi."

Tumbo ya Émilie ilikuwa tayari inaonekana.

Kwa duka ya Papa Moussa, Berthe na Benoît walikuta gitare mbili za bei yao. Moja nyeusi, inangaa, bega moja imekatwa ili mukono ifike chini kwenye sauti nyembamba. Ingine rangi ya udongo, mabega yote sawasawa, haina hata ua moja. Benoît alikuwa amekwisha kukumbatia ile nyeusi.

"Tantine, hii! Bokilo Médard ataanguka na furaha."

"Ataanguka, ee," Berthe alisema.

Alijua kitu chenye hata bibi ya Médard, ule mwanamuke ya ngambo, hakujua. Kula, kusalimia, kupokea, Médard alitumia mukono ya kuume, mama yake alimufundisha na fimbo. Lakini gitare, hapana. Gitare alikuwa anaigeuza, na nyuzi yake pia, anapiga na kushoto. Ile nyeusi, ukiigeuza, bega ya kukatwa inaenda juu, haisaidie kitu, na mukono inagonga mbao. Berthe aliona yote: Médard anatafuta sauti, anakosa, batoto banafilmer na telefone, batu banacheka. Na nani angemulaumu Berthe? Si alinunua yenye kuwa muzuri?

"Mama, chukua nyeusi," Moussa alisema. "Hii inajiuza yenyewe."

"Basi iache ijiuze."

Lakini hakuiachilia. Aliishika, akaishika tena. Médard akipata haya, atafukuza dot, na Benoît wake atarudi na mbuzi yake kama mujinga.

"Lipa, Tantine, saa inaisha!"

"Weka chini."

"Tantine!"

"Nimesema weka chini."

Akachukua ile ya udongo. Alifunga jicho moja, akaangalia shingo yake kama mutu anapima kasia kama imenyooka. Akabonyeza uzi moja moja. Moja ikalia kama mbu. Moussa akainua kamufupa kenye kubeba nyuzi juu ya mbao, mbu ikanyamaza.

"Sasa geuza nyuzi. Nene zije huku, nyembamba ziende kule."

"Mama, itakuwa kinyume!"

"Mupigaji mwenyewe njo iko kinyume. Geuza."

Moussa akatoa tupa, akapanua njia za nyuzi, akiguna. Benoît hakumuongelesha tantine yake mpaka nyumbani.

Siku ya dot, salon ya nyumba ya Médard ilijaa mpaka inje. Kaka yake, tonton Cyprien, njo alikuwa porte-parole, musemaji ya familia. Akafungua kitambaa yenye ilifunika gitare.

"Bon. Hii ni gitare, ao kisanduku ya sabuni?"

Batu bakacheka. Cyprien akapitisha kidole, akakunja uso.

"Na nyuzi iko kinyume! Banatuchekelea? Alors, muwafungulie mbuzi yao, barudi nayo."

Benoît alimuangalia Berthe kama mutu anazama. Kwa mulango ya jikoni Émilie alishika tumbo. Berthe aliangalia ukuta.

"Lete," Médard alisema.

Akapokea na mukono ya kuume, vile inafaa. Kisha akaigeuza juu ya paja. Bibi yake akafungua kinywa. Kushoto ikaanza kupiga, pole, kisha mbio, wimbo ile ile ya mbele ya mulango ya kina Berthe. Berthe akauma mudomo.

Médard akasimamisha nyuzi na kiganja.

"Imepokelewa," akasema. "Dot yote imepokelewa."

Bamama bakapiga vigelegele, Benoît akalia kama mutoto. Ndani ya ile fujo Médard akainama kwa kiti ya Berthe.

"Berthe. Kumbe ulikumbuka."

"Nilikumbuka yote. Gitare ni juu ya mutoto yangu. Weye, sijakusamehe. Piga, batu banangoja."

Akachukua sahani yake ya pondu, akageuza kiti, akamupa mugongo.