Picha za Stesheni Nilizomficha Baba

Kabla hatujahamia Maskati, baba alikuwa msimamizi wa stesheni ndogo ya reli porini, baina ya Tabora na Mwanza. Alikata tiketi, akapiga kengele, akawasha taa za ishara. Kaka yangu mkubwa, aliyekufa kwa malaria kabla sijazaliwa, alizikwa pale, nyuma ya tangi la maji.

Oman haina reli. Baba alifanya kazi serikalini, na alipostaafu, mwishoni mwa miaka ya tisini, akakaa nyumbani kwetu Sib, kando ya Maskati, akiandika historia ya stesheni ile kwenye daftari: waliotandika mataruma ya reli, mafuriko yaliyong'oa daraja, wasafiri waliojifungulia ukumbini. Alikuwa amesikia treni hazisimami tena pale, akataka jengo lihifadhiwe. Aliwaandikia wakubwa wa reli barua nyingi. Hakujibiwa hata moja.

Fundi redio mmoja wa mtaa wa Ruwi, mtu wa Tabora, alipokwenda likizo nilimpa kamera akaipige picha stesheni. Aliporudi nikazifuata picha dukani kwake. Paa lilikuwa limeng'olewa. Kengele haipo, chumba cha tiketi kimegeuzwa zizi la mbuzi. Nyuma ya tangi watu wamelima mahindi hadi ukutani.

Nilizificha kabatini, chini ya nguo zangu. Nikamwambia baba filamu imeungua.

"Lakini stesheni ipo?"

"Ipo, baba. Anasema ipo vile vile."

Siku zile baba alikula akicheka. Wiki ya pili alikwenda mtaa wa Hamriya peke yake, akanunua tiketi ya ndege. Daktari alishamkataza safari ndefu kwa sababu ya moyo. Nilimsihi, mama akalia, hakusikia.

"Nnakwenda kumsomea mwanangu Yasini," alisema. "Kisha nikifa, basi."

Ikabidi nizitoe zile picha. Alizitazama moja moja, ya mahindi akairudia mara nyingi. Akaniuliza nimekuwa nazo tangu lini. Nikamwambia.

"Ulikuwa unanionea huruma," alisema, "nami nikicheka mezani."

Hakusafiri. Tuliendelea kula pamoja, lakini akitaka chai alimwomba mama, hata nikiwa nimesimama mbele yake na birika. Hakuligusa tena daftari. Alifariki kabla mwaka haujaisha, tukamzika Sib.

Nimejaribu kuimalizia historia yake. Nimekwama kwenye majina ya waliotandika mataruma. Aliacha nafasi ya mistari sita, na walioyajua wote wamekwishakufa.