Mpira wa Pettibone

Bernadine Wojcik hakujua kubishana polepole. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha pipi, Chicago, alikuwa wa kwanza kumpasha msimamizi ukweli usoni, na alipostaafu, ulimi haukustaafu naye. Ukitaka kuusikia ulikwenda uwanja wa besiboli, kwenye mabenchi ya nyuma ya ukuta, jua likiwachoma watu utosini. Baba yake ndiye aliyemzoesha pale tangu utotoni, na glavu ya baba ya kudakia mpira ndiyo aliyoivaa hadi uzeeni.

Pembeni yake alikaa Gus Karras, mwenye mkahawa wa mayai na soseji. Hao wawili, jamani! Waligombana tangu mpira wa kwanza kurushwa mpaka wafagiaji walipowafukuza, na mechi ijayo ukawakuta palepale. Ila msimu ule ugomvi uliingia pabaya, na chanzo chake kilikuwa Marlon Pettibone.

Pettibone alikuwa mpigaji wa timu yao. Akishika kigongo, hata wauza bia walisimama kumtazama. Kila alipoupeleka mpira nje ya ukuta, akiwa anamalizia kuzunguka uwanja ili ahesabiwe pointi, aligusa ukingo wa kofia huku akiyatazama mabenchi yale, na kila mtu pale aliapa kwamba amesalimiwa yeye. Basi mkataba wake ukaisha, akawa huru kwenda anakotaka. Klabu ikasuasua, mahasimu wakamwaga mamilioni mezani, naye akaenda.

"Msaliti," Gus alisema siku ya kwanza ya msimu. "Tumempigia kelele mpaka makoo yakakauka, halafu anatuuza!"

"Wewe Gus akuuze, nani atakununua?"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Cheka tu, mama. Angebaki hapa, angewekewa sanamu pale mlangoni."

"Mimi kiwandani nilibaki. Nikabaki weee, mpaka wakakihamisha kiwanda bila hata kuniaga. Mbona wale hukuwaita wasaliti? Tajiri akimuuza mchezaji ni biashara, mchezaji akijitafutia mwenyewe imekuwa dhambi?"

"Haya, na siku akiingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa besiboli, bamba la sura yake ukutani litamwonyesha amevaa kofia ya timu gani? Ya wale!"

"Ya kwetu. Unabisha?"

"Nabisha, tena sana!"

Sasa, mabenchi yale yana sheria yake. Mchezaji wa timu ngeni akipiga mpira ukavuka ukuta ukakuangukia, unautupa uwanjani, hutaki hata kuugusa. Anayebaki nao anazomewa, na siku nyingine hakuna wa kumsogelea. Bernadine mwenyewe alikuwa mkali wa sheria hiyo, aliwahi kumzomea hata padri wa parokia yake. Lakini siku ile alisimama akasema mbele ya wote, "Wa Pettibone ukinijia, situpi."

"Basi utafute pa kukaa," Gus akamjibu, na safari hii hakuwa akitania.

Pettibone aliporudi na jezi ya wale, Bernadine alimkuta Gus ameweka begi lake kubwa kwenye benchi, katikati yao. Lilimuuma. Mumewe alishafariki, nyumbani hakuna wa kubishana naye, na watu wa pale ndio waliokuwa wamebaki kuwa jamaa zake. Akaomba Mungu kimoyomoyo mpira uende kwingine, kokote kule.

Wapi! Pettibone aliukung'uta mpira paa, ukapanda, ukapanda, ukaja moja kwa moja kwenye glavu ya Bernadine, ile ya marehemu baba yake. Bibi wa watu akaudaka bila hata kuyumba.

"Tupa! Tupa! Tupa!" Mabenchi yote yalikuwa yamemgeukia. Alimwangalia Gus, aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, akalipita lile begi na kumbandika mpira mkononi.

"Mimi nimeshindwa. Wewe ndiye unayemchukia, tupa wewe."

Watu wakashangilia. Gus akaurudisha mkono nyuma, tayari kabisa. Kule uwanjani Pettibone alikuwa anamalizia kuzunguka, akizomewa na uwanja mzima, uwanja uleule uliokuwa ukiliimba jina lake. Akainua uso kuelekea mabenchi ya nyuma ya ukuta. Akagusa ukingo wa kofia.

Mkono wa Gus ukabaki hewani. Midomo ikamcheza, mzee mzima, macho yakamjaa machozi. "Ametusalimia," alisema. "Bernadine, umemwona? Ametusalimia, mshenzi yule!"

"Nimemwona."

"Tupa!" walipiga kelele nyuma yao. Mtu akawarushia maganda ya karanga. Gus aligeuka akawaambia waende zao, kwa maneno ambayo Bernadine hakuwahi kuyasikia hata kiwandani, kisha akaurudisha mpira kwenye glavu ya Bernadine na kuifumba kwa mikono miwili.

"Bambani, kofia ya kwetu," alisema.

"Nilikwambia."

Zomeazomea ikawaangukia wote wawili. Gus aliliinua begi lake, akalisukumia chini ya miguu, akapangusa pale lilipokuwa kwa kiganja.

"Sogea huku ukae," alisema. "Unawaziba watu."